Namoya haikuvurugwa na PlayStation

Penye jenereta mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, pana chumba cha gemu, na penye chumba cha gemu pana mzazi anayekilaani. Chumba chenyewe ni mbao na bati, televisheni mbili tatu, benchi lililobonyea katikati, na kijana mlangoni anayetoza pesa kwa mechi. Mashtaka nayo yamezoeleka: mtoto kala pesa ya shule, mtoto kakwepa madrasa, mtoto anashinda akiua watu kwenye kioo na kesho ataua wa kweli. Mawili ya kwanza nayapokea bila ubishi. La tatu ndilo nitakalolibishia, tena nitalibishia nikiwa Kasongo na Kabambare, kwa sababu Maniema ya kusini inalipima shtaka hili vizuri kuliko mji wowote wa Ulaya. Huku bunduki ipo, vijana wasio na kazi wapo, damu imemwagika vizazi kwa vizazi, na mashine ya gemu imefika juzi tu.

Wanaoishtaki gemu hawajatunga hewani. Mwaka 2010 Craig Anderson na wenzake walikusanya tafiti zenye washiriki zaidi ya 130,000, wakahitimisha kwamba gemu za kuuana huongeza ukali: mawazo ya hasira, vitendo vya shari, huruma kupungua. Lakini tazama wanachokihesabu kuwa ukali. Katika majaribio mengi ya maabara mwanafunzi hucheza kwa dakika chache, kisha hupewa kitufe cha kumpigia mwenzake asiyemwona kelele za kuudhi masikioni, au hupewa pilipili amwekee kwenye chakula. Aliyebonyeza muda mrefu zaidi, aliyemimina pilipili nyingi zaidi, ndiye mkali. Kutoka hapo hadi kuweka kizuizi barabarani, kuteka abiria na kuchoma nyumba ni mbali sana, na hakuna maabara iliyofika huko.

Kisha wakaja watafiti waliotaka kufunga mianya. Mwaka 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichukua vijana 1,004 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15. Tabia za ukali waliwauliza wazazi, hawakuwaachia watoto wajisemee. Ukali wa gemu wakaupima kwa madaraja rasmi ya umri. Na walitangaza namna ya kuchambua takwimu kabla hawajaziona, ili wasije wakazikamua hadi ziseme wanalotaka. Uhusiano haukuonekana. Machi 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho miaka mingi kilikuwa upande wa washtaki, kilitoa azimio kwamba ushahidi hautoshi kulihusisha jambo kubwa kama mauaji na michezo ya video, na kwamba kufanya hivyo kunawatoa watu kwenye sababu zenyewe. Japani na Korea Kusini ni nchi zilizozama ndani ya gemu, na mauaji huko ni nadra mno. Kijana aliyeua watoto katika shule ya Sandy Hook, Marekani, mwaka 2012, alikuwa na gemu za kuuana kweli. Lakini ripoti ya uchunguzi ilipotoka mwaka uliofuata, ilionekana kwamba moja aliyoipenda mno ni ile ya kucheza dansi kwa miguu.

Mtetezi wa shtaka atasema: hatudai kwamba gemu ndiyo sababu pekee, tunadai kwamba inaongeza. Sawa. Basi tuulize inaongeza nini, na wapi.

Historia ya Maniema inajibu sehemu ya swali hilo kwa haraka. Nyangwe, juu ya Lualaba, katika teritwari ya Kasongo, tarehe 15 Julai 1871: watu wa misafara ya biashara ya watumwa walifyatulia risasi soko lililojaa wanawake, na waliouawa au kuzama walikisiwa kati ya 330 na 400. Mvumbuzi Mwingereza Livingstone alikuwepo na akaliandika tukio hilo. Aprili 1893 jeshi la Wabelgiji chini ya Dhanis liliingia Kasongo, mji uliokuwa wa mfanyabiashara wa watumwa na pembe Tippu Tip na mwanawe Sefu. Mwaka 1898 askari walioasi dhidi ya wakubwa wao Wabelgiji waliiteka ngome ya Kabambare. Mwaka 1964 waasi wa Simba walipita na maji yao ya kugeuza risasi. Mwaka 1998 waasi wa RCD walichukua Kindu, na kwa miaka kadhaa miji ikawa ya huyu na vijiji vya yule. Katika orodha hii yote hakuna aliyekuwa na mashine ya gemu, na hakuna aliyeihitaji imfundishe kuua.

Kongo imewahi kuisikiliza kesi hii, ila wakati huo mshtakiwa aliitwa sinema. Tangu mwaka 1936 serikali ya kikoloni ilikuwa na filamu za Wazungu na filamu za Waafrika. Mkongo alitazama tu zilizopitishwa na wachujaji, kwa hofu kwamba akimwona Mzungu akiiba, akipigwa au akiuawa kwenye turubai, atapata mawazo. Filamu za makauboi zilipenya hata hivyo. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill: jinzi, skafu shingoni, mitaa iliyobatizwa upya kwa majina ya Texas na Dallas, lugha yao wenyewe ya Hindubill. Walipigana mtaa kwa mtaa, na mabaya waliyatenda, wasichana wanayajua zaidi. Wakubwa waliwatazama wakasema: sinema hiyo. Padri mmoja Mbelgiji, Joseph de Laet, alifanya jambo la akili zaidi. Alikwenda kukaa nao, akacheza nao, hadi wakamwita Père Buffalo.

Tarehe 4 Januari 1959 Léopoldville ililipuka. Mkutano wa chama cha siasa cha Abako ulikuwa umezuiwa, watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, na umati uliokuwa ukitoka kwenye mechi ya mpira ukamwagika barabarani na kuungana nao. Bills walikuwemo. Mtu aliyetaka mshtakiwa mwepesi angeweza kuitaja sinema ya kauboi. Ila mpira ulikuwa karibu zaidi siku ile, na sijasikia aliyependekeza kufunga viwanja. Didier Gondola, mwanahistoria Mkongo aliyeandika kitabu juu ya Bills mwaka 2016, anawaonyesha vijana waliokuwa wakitafuta namna ya kuwa wanaume katika mji ambamo mwanamume mwenye ndevu aliitwa boyi. Kofia ya kauboi waliiokota kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Koloni lilipendelea kuzungumzia kofia, kwani kupiga marufuku filamu ni kazi ya karani mmoja na muhuri, na kuwatafutia vijana kazi, shule na haki ni kazi nyingine kabisa.

Tangu hapo tumekuwa na wapiganaji wengi wenye majina ya skrini. Anayejulikana kuliko wote ni Bosco Ntaganda, aliyeitwa Terminator. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Julai 2019 kwa makosa 18 yaliyotendwa Ituri mwaka 2002 na 2003, na Novemba ikampa kifungo cha miaka 30. Kilichomfunga ni amri alizotoa, mauaji, ubakaji, watoto wa chini ya miaka 15 walioingizwa jeshini. Filamu ya mwaka 1984 ilimpa lakabu tu. Hali ilikuwa hiyo hiyo Sierra Leone, ambako waasi wa RUF walimtazama Rambo kwa vidio porini. Wengi walicheka au walitishika. Paul Richards, katika kitabu chake cha mwaka 1996, alitazama kwa makini zaidi. Rambo wa filamu ya kwanza ni askari aliyetumiwa na nchi yake, akatupwa, akafukuzwa na polisi hadi msituni. Kijana aliyetupwa na nchi yake alijiona humo. Filamu ilimkuta na kisa chake tayari.

Nikubali jambo moja kabla sijaendelea. Skrini inaweza kuupamba uaskari. Jeshi la Marekani lenyewe linajua. Mwaka 2002 lilitoa gemu yake, America's Army, kwa shabaha ya kuwavuta vijana wajiandikishe. Wenye jeshi hawatupi pesa bure. Lakini kijana wa Ohio aliyecheza gemu hiyo alihitaji bado ofisi ya kuandikisha, miezi ya mafunzo, mshahara na bunduki ya serikali. Kabambare uaskari hauhitaji tangazo. Unapita mlangoni.

Twende sasa Salamabila, sekta ya Babuyu, teritwari ya Kabambare, palipo na dhahabu ya Namoya. Wabelgiji waliichimba; walipoondoka, wenyeji walibaki wakichimba kwa mikono miaka na miaka. Shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo si tundu la mtu mmoja. Lina PDG, ndivyo anavyoitwa mwenye shimo, anayelisha watu na kununua vifaa hadi mwamba utoe. Lina makrezeri, wachimbaji wenyewe, wanaoingia ndani, wabebaji wa viroba, vijana wa kuvuta maji. Mawe yakitoka yanakwenda kwa mama twangaizi, wanawake wanaoyatwanga kwenye vyuma hadi yawe unga, na malipo yao mara nyingine ni sehemu ya unga wenyewe. Kisha kuna anayeosha, kuna mnunuzi mwenye mizani ndogo, kuna muuza sombe na muuza betri za tochi, kuna mwalimu anayelipwa na wazazi wa wote hao. Funga shimo moja, uhesabu mwenyewe waliofungiwa.

Kampuni ya Banro ya Kanada ilitoa dhahabu yake ya kwanza Namoya mwishoni mwa 2013 na ikaanza uzalishaji rasmi wa kibiashara Januari 2016. Ili kampuni ichimbe, wachimbaji wa mikono ilibidi waondoke katika vilima kama Mwendamboko. Ahadi zilitolewa: kazi, sehemu nyingine za kuchimba, barabara, shule. Unaweza kubishana usiku kucha ni ngapi zilizotimizwa na ni nani aliyezila njiani. Lisilobishaniwa ni kwamba watu wengi walijiona wametolewa kwenye ardhi yao wakapewa maneno. Hapo ndipo kundi la wapiganaji la Mai-Mai Malaika, la yule aliyejulikana kama Shehe Assani, lilipopata lugha ya kusema na watu. Madai yao yalieleweka na kila mtu kijijini: tupeni pa kuchimba, tupeni kazi, timizeni ahadi. Machi 2017 wafanyakazi watano walitekwa mgodini, Mfaransa mmoja na Mtanzania mmoja wakiwemo. Magari yalishambuliwa barabarani. Jeshi likaongezwa, na penye jeshi na Mai-Mai pamoja raia hulipa mara mbili. Julai 2019 wafanyakazi wengine wanne walitekwa. Septemba mwaka huo kampuni ikasimamisha shughuli.

Sitaki kumpamba Malaika. Kundi lililoanza kwa kudai haki ya shimo liliishia kutoza watu, kuteka na kutisha, na wenyeji waliokimbia Salamabila walikimbia bunduki za pande zote. Lakini pitia kisa hiki chote, mstari kwa mstari, utafute gemu iko wapi. Mai-Mai hupata vijana kwa shimo lililofungwa, kwa ukoo, kwa kisasi cha ndugu aliyeuawa, kwa dawa ya kuzuia risasi, kwa sahani ya chakula, na mara nyingi kwa nguvu. Vijiji walikotoka vijana hao havina umeme. Simu huchajiwa kwa sola ya duka. Vyumba vya gemu viko mjini Kasongo, viko Kindu, penye biashara na penye utulivu kiasi. Kama skrini ingekuwa inazaa Mai-Mai, tungewatafuta mjini.

Hata hiyo gemu inayoogopwa zaidi sasa, ya kwenye simu, tuitazame kwa karibu. Free Fire inawaangusha wachezaji 50 kwa parachuti juu ya kisiwa. Wanaokota silaha, wanawindana, eneo linapungua, baada ya kama dakika kumi anabaki mmoja. Aliyekufa anaanza upya kabla bando lake halijaisha. Hakuna njaa humo, hakuna matope, hakuna mwenzako anayelia usiku kucha na risasi tumboni, hakuna kamanda anayekuchapa. Mwanafunzi wa Kasongo anayeicheza anajifunza kulenga kwa kidole gumba na kutukana kwa Kiingereza. Tena vyumbani mjini mahitaji makubwa ni ya gemu za mpira, na ugomvi unaozuka humo ni wa zamu na wa deni. Ninayemwonea huruma ni mtoto aliyekimbia risasi za kweli, amefika mjini kwa shangazi, sasa anakesha na milio ile ile masikioni. Huyo anahitaji mtu mzima karibu na usingizi wa kutosha. Gemu ya bunduki si dawa yake. Lakini hapo tunazungumzia jeraha la mtoto, na anayelichanganya na chanzo cha vita hamsaidii mtoto wala hazuii vita.

Kuna mahali pamoja ambapo mashine ya gemu na bunduki ya Maniema ziliwahi kukutana kweli, napo si kwenye kioo. Ni ndani ya mashine. Baadhi ya vipande vidogo vya kutunza umeme kwenye ubao wa elektroniki hutengenezwa kwa tantalamu, inayotoka kwenye koltani. Risasi ya kuunganishia vipande ni bati hasa, linalotoka kwenye kasiteriti. Mkoa wetu una yote mawili. Mwaka 2000 bei ya tantalamu ilipaa mara kadhaa, na mwisho wa mwaka huo ilikuwa juu ajabu. Novemba RCD-Goma, iliyokuwa ikitawala mashariki, iliunda kampuni yake ya SOMIGL na kuipa ukiritimba wa koltani. Kwa kuwa PlayStation 2 ilikuwa imetoka mwaka huo huo, wakatokea waandishi wa nje walioita vita vyetu vita vya PlayStation.

Jina tamu, hesabu mbovu. Tantalamu nyingi zaidi ilikuwa ikienda kwenye simu na kompyuta, na bei ilipandishwa pia na wanunuzi waliojaza maghala kwa hofu ya kukosa. Vita vilikuwa vimeanza Agosti 1998, kabla bei haijapanda, na havikuisha bei ilipoanguka mwaka 2001. Madini yalilisha vita, hayakuvizaa. Ninavutiwa na jinsi mashine ile ile inavyoshtakiwa mara mbili kwa mambo mawili yasiyohusiana, mara kwa picha zake, mara kwa tumbo lake, na mara zote mbili watu waliotoa amri wanabaki nje ya mahakama bila kuitwa.

Na shtaka lililoelekezwa vibaya lina gharama, Maniema tunaijua. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaeleze kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu yao vinatoka Kongo au kwa jirani zake. Wanunuzi wakaona heri kuacha kununua kabisa. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Watu waliiita sheria ya Obama. Makrezeri wa kasiteriti walikaa nyumbani, ada za shule zikakosa mlipaji. Mwaka 2017 Dominic Parker na Bryan Vadheim walichapisha utafiti wao juu ya maeneo yaliyoguswa na hatua hizo: uporaji na mashambulizi dhidi ya raia viliongezeka. Makundi yaliyokosa kodi ya migodini yaligeukia kuku, mbuzi na pesa za wanakijiji. Waliosukuma sheria ile walikuwa na nia njema na picha rahisi kichwani: simu mkononi, damu mgodini, mshale mmoja kati yao.

Kwa hiyo ninapomsikia kiongozi wa huku, awe wa serikali, wa kanisa au wa msikiti, akisema vijana wameharibiwa na gemu, sina haraka ya kumcheka. Anaona kitu cha kweli: watoto wamekaa ndani mchana kutwa, na anawaogopea. Ninachomwomba ni kutofautisha meza. Chumba cha gemu kina makosa yake na makosa hayo yana wenyewe wa kuyashughulikia. Kinapokea watoto wenye sare saa za masomo: mkuu wa shule aende na mkuu wa mtaa, wakubaliane saa za kufungua. Kinacheza kamari kwa jina la mechi: ipo polisi. Kinapiga kelele wakati wa sala: jirani atasema, mwenye jenereta atapunguza.

Kamati ya usalama ya Kabambare ina karatasi nyingine ya kusoma. Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaagiza kwamba mrabaha wa mgodi ugawanywe: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 mamlaka ya mahali mgodi ulipo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo mwenye mgodi anatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizo jirani. Sheria hiyo ilipotoka, Namoya ilikuwa imebakiza mwaka mmoja na nusu kabla ya kusimama. Zile asilimia 15 za sekta ya Babuyu ni pesa ngapi kwa kila mgodi unaofanya kazi leo, zimeingia akaunti gani, nani ana saini? Ni wapi krezeri anaruhusiwa kuchimba kwa kibali, na nani anakaa na bunduki kwenye mlango wa shimo akitoza? Waliosalimisha silaha wanalala wapi, na mpango wa serikali wa kuwarudisha uraiani, uliozinduliwa 2021, umewafikishia nini? Makrezeri, mama twangaizi na machifu wanaweza kuyajibu maswali haya kikaoni, kila mmoja kwa sehemu yake, na mtoza pesa wa chumba cha gemu hana la kuchangia hapo.